Msumeno Kwanza au Mafunzo Kwanza?

Hotuba iliyotolewa na kamati ya maendeleo kwa vikundi vya vijana wa Thika na Ruiru, siku ya semina ya miradi

Tunajua chakula kiko jikoni na harufu yake imeshafika hapa, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Vijana, mlituletea barua yenye maombi mawili. La kwanza, mnataka pesa za chama zitumike kununua msumeno wa petroli, ile watu huita pawasoo, ili mpate kazi ya kukata miti kwa watu. La pili, mmeona kwenye televisheni watu wa ng'ambo wakishindana kukata magogo kwa shoka na misumeno huku watu wakishangilia, mkauliza: mbona sisi tusifanye hivyo siku ya harambee?

Kamati imekaa na kujadiliana, na leo tumekuja kujibu. Jibu letu kwa kifupi ni hili: mashindano, ndiyo, tena yaanze mwaka huu. Pawasoo, bado. Tunaona wengine wameanza kukunja uso. Ngojeni kwanza tueleze, kisha mtatuuliza.

Mchezo huu ulitoka wapi

Mchezo wa kukata magogo ulizaliwa kazini. Huko Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, kuna misitu ya mikaratusi mirefu ajabu, na katika karne ya 19 wanaume wengi waliishi kwa kuifyeka na kupasua mbao. Wafanyakazi wakikutana jioni ubishi ni ule ule wa kila mahali: nani hodari zaidi? Wakaanza kuwekeana dau. Mwaka 1891, katika mji mdogo wa Latrobe, ubishi huo ukatengenezewa utaratibu. Chama cha wakataji kikaundwa na watu wakaja kushindana.

Kutoka huko mchezo umeenea. Mji wa Hayward, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, umekuwa na mashindano yake tangu mwaka 1960. Mwaka 1985 kampuni ya STIHL, inayotengeneza misumeno ya petroli, ilianzisha ligi huko Marekani, na sasa kuna mashindano ya dunia. Hata wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wa kalamu na madaftari, hushindana. Walianza katika chuo cha Dartmouth mwaka 1947, na hadi leo wasichana kwa wavulana hushika shoka na msumeno wa watu wawili.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mkaratusi ulio kando ya shamba lako, na ule mgrevilia tunaouita mukima, yote miwili asili yake ni Australia. Mkaratusi uliletwa hapa kwetu yapata mwaka 1902 ili kupata kuni za kuendeshea garimoshi. Kwa hiyo miti ya mchezo huu tunayo uani kwetu siku nyingi. Ni mchezo tu uliochelewa kufika!

Wanaoshindana hufuata kanuni gani?

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana televisheni huonyesha mbio tu, haionyeshi kanuni.

Katika shindano moja la shoka, mtu husimama juu ya gogo lililolala, lenye upana wa sentimita 32. Hukata upande mmoja hadi katikati, hugeuka, akamalizia upande wa pili. Shoka lake lina uzito wa kilo 3 hivi na limenolewa hadi linaweza kunyoa ndevu. Linashuka katikati ya miguu yake mwenyewe. Ndiyo sababu huvaa soksi zilizofumwa kwa chuma. Ukimwona amesimama pale, usifikiri ni ujasiri mtupu. Ameshachukua tahadhari kabla ya kupanda.

Kuna shindano la msumeno wa mkono. Gogo lina sentimita 46, msumeno una urefu wa karibu mita 2, na mtu yuko peke yake. Meno ya msumeno huo si ya namna moja. Kuna yanayokata nyuzi za mti, na kuna yanayokokota unga kuutoa nje. Unga usipotoka, msumeno hukwama hata uwe na nguvu za Samsoni.

Sasa pawasoo. Gogo ni la sentimita 40, na limewekewa alama. Mshindani huweka mikono yake miwili juu ya gogo, msumeno ukiunguruma chini, akingoja ishara. Akisikia ishara, hukata kipande kimoja kwa kushuka na kingine kwa kupanda, vyote viwili ndani ya sentimita 10. Akivuka alama, ametolewa. Kipande kikitoka nusu, ametolewa. Hata akiwa wa kwanza kumaliza!

Mmeona? Katika mashindano hayo tuliyoyataja, gogo limeshakatwa zamani na limefungwa imara. Hakuna mti unaoangushwa kwa mbio. Yako mashindano mengine ya dunia, ya watu ambao kukata miti ndiyo kazi yao ya kila siku, yaliyoanza mwaka 1970. Hayo yana sehemu ya kuangusha mti. Lakini huko hutazamwa sana kama mti umeanguka karibu na alama iliyowekwa, na kama kisiki kimeachwa kwa kipimo. Mtu akivunja kanuni ya usalama hupunguziwa alama mbele ya watu wote. Kwa hiyo hata kule, anayesifiwa ni yule aliyeweka mti pale alipotaka.

Tulivyojaribu wenyewe

Mwaka huu, kabla ya kuwajibu, tuliona si vizuri kusema mambo ya kusikia. Mukima mmoja ulikuwa umeangushwa na upepo huko Ruiru, na mwenye shamba akatupa gogo lake, lenye upana wa sentimita 30 hivi. Tukaazima msumeno wa watu wawili kwa mzee mmoja aliyekuwa akipasua mbao zamani. Tukagawana wawili wawili, wana kamati na baadhi ya vijana waliokuwepo.

Jamani, kazi ile si mchezo! Vijana wawili wa mjengo, mikono minene, walianza kwa kasi. Kila mmoja alikuwa akivuta, halafu anamsukumia mwenzake. Msumeno ukapinda, ukalia, ukakataa. Jasho likatiririka na gogo halijaingia hata nusu. Yule mzee alikuwa ameketi kando na bakora yake. Akawaambia, "Vuta, usisukume. Ukimaliza kuvuta, mwachie mwenzako." Wakabadilisha mtindo, na msumeno ukaanza kuimba vizuri.

Tukapata tatizo la pili. Gogo tulikuwa tumeliegemeza kwa mawe ncha zote mbili. Tulipofika katikati, gogo likazama kidogo na ule mwanya wa juu ukafumba, ukaubana msumeno kama mlango unavyobana kidole. Mzee akatuchongea kabari ya mti, akaipigilia nyuma ya msumeno, mwanya ukafunguka. Akatufundisha kwamba gogo lililoegemezwa ncha zote mbili hufumba juu, na gogo lililoning'inia ncha moja hufumba chini. Kabla hujagusa gogo, uliza limebeba uzito wake wapi.

Baada ya chai, mzee alichukua tupa, akachonga meno na kuyapiga seti upya. Ni watu wale wale, gogo lile lile, na bado walikuwa wamechoka. Lakini safari hii walimaliza chini ya nusu ya muda wa kwanza. Nguvu hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni makali na maelewano. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, kinazungumzia jambo hili hili la chuma butu na nguvu zinazopotea bure. Na wazee wetu walisema, shoka lisilo mpini halichanji kuni.

Akina mama nao walishika shoka. Wengine hapa hupasua kuni kila wiki kwa ajili ya jikoni za shule, na walituonyesha kitu. Hawapigi katikati ya kipande kigumu. Hutafuta ufa, huanzia pembeni, na hukagua kichwa cha shoka kabla ya kuinua. Tukakumbuka Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, panapotajwa mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, chuma kikachomoka kwenye mpini kikamwua mwenzake. Ajali ya shoka bovu si habari mpya. Ilitungiwa sheria zamani hizo.

Mti uliosimama si gogo lililolala

Hili sasa ndilo lililotufanya tuseme "bado" kuhusu pawasoo.

Sisi sote tunajua kazi hizi zinavyopatikana. Mashamba ya kahawa kuzunguka Ruiru yamegeuka kuwa nyumba. Mwenye ploti anataka mkaratusi utoke kabla ya kuchimba msingi. Anamwita kijana na kumwahidi shilingi mia kadhaa. Mti umesimama kati ya nyumba ya mabati na waya za stima. Kijana ameazima msumeno, amevaa sandali, na hajawahi kuangusha mti hata mmoja. Umati umekusanyika kutazama, na watoto wako mbele kabisa. Je, hayo si mashindano? Ni mashindano mabaya kuliko yale ya televisheni, kwa sababu hayana kanuni wala mwamuzi.

Kijana mmoja tunayemjua, na jina lake hatutalitaja, sasa anatembea kwa magongo. Alilipwa pesa za siku moja. Mama yake amefunga kibanda cha mboga ili amwangalie, na dada yake mdogo alikosa karo ya muhula. Mchuma janga hula na wa kwao.

Pawasoo ina tabia ambazo haikuambii dukani. Ule upanga wake unaobeba mnyororo, sehemu ya juu ya ncha yake ikigusa mti, msumeno wote huruka juu na nyuma kuelekea usoni mwa aliyeushika. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Huwezi kulikwepa kwa wepesi. Unalizuia kwa namna unavyosimama na kushika, na kwa kujua ncha iko wapi kila wakati.

Kuangusha mti nako kuna hatua zake. Kwanza utazame mti umeinamia wapi, upepo unatoka wapi, na kama kuna tawi kavu juu. Watu wote wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Safisha njia mbili za kukimbilia, nyuma na pembeni, kabla hujawasha msumeno. Kisha kata mdomo upande ule mti utakaoangukia, kiasi cha robo ya unene wake au pungufu kidogo. Baada ya hapo ukate nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini usikate ukapitiliza. Acha ukanda wa mti katikati, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango. Ndio unaouongoza mti unapoanguka. Ukiikata bawaba, mti haukusikii tena. Utakwenda unakotaka wenyewe.

Na mkaratusi ulioinama sana una hatari ya pekee. Ukiukata nyuma kwa njia ya kawaida, unaweza kupasuka wima ghafla, na nusu ya shina ikaruka kinyumenyume. Huo si mti wa mwanagenzi. Na mti ulio karibu na waya za stima usiguswe na kikundi chochote mpaka kampuni ya umeme iarifiwe.

Haya tumeyataja ili mjue ukubwa wa kazi. Msitoke hapa mkasema mmefundishwa. Kusikia hotuba si kufundishwa.

Na misitu yetu je?

Mama mmoja alituuliza swali zuri: hivi kanisa sasa linafundisha watoto kukata miti kwa mchezo, baada ya Profesa Wangari Maathai kuhangaika kupanda tangu mwaka 1977, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004? Tulilichukua swali hilo kwa uzito.

Mnakumbuka Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Watu wa viwanda vya mbao walilia sana, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, jambo lililozua ubishi mkubwa. Wakati huo huo nchi imejiwekea shabaha ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sisi tumesimama wapi? Tunasema mti wa shambani ni zao kama zao lingine, mradi ukatwe kwa kibali, kwa sababu ya maana, na mwingine upandwe. Mashindano yetu yatatumia magogo yaliyokwisha kuanguka au kukatwa kwa sababu nyingine. Hakuna mti utakaoangushwa ili watu wapige makofi. Na vipande vitakavyopatikana siku hiyo ni kuni. Vitapelekwa kwa wazee wasio na mtu wa kuwapasulia.

Tunayopendekeza

Kwanza, siku ya harambee tuwe na mashindano ya aina mbili tu: msumeno wa watu wawili, na kupasua kuni kwa shoka kwa watu wazima. Gogo lilale, lifungwe, na kamba izungushwe ili watazamaji wasikaribie. Washindani wavae buti na miwani ya kukinga macho. Muda uhesabiwe, lakini alama ziwepo pia kwa kukata wima na kwa kutunza chombo. Atakayevunja kanuni atolewe, hata awe mtoto wa mwenyekiti.

Pili, kabla ya siku hiyo kuwe na mazoezi ya Jumamosi nne. Jumamosi ya kwanza hakuna kukata kabisa, ni kunoa tu. Yule mzee amekubali kufundisha, na hataki malipo ila chai. Mtusamehe tukisema hili waziwazi: tuna mafundi wazee waliokaa bure nyumbani, na vijana wanaotafuta ufundi kwenye televisheni.

Tatu, kuhusu pawasoo. Chama kisinunue msumeno peke yake. Bei tutakayoiandika kwenye bajeti iwe ya vitu vyote pamoja: msumeno, kofia ngumu yenye kinga ya uso na ya masikio, suruali ya kuzuia mnyororo, buti, glavu, na sanduku la huduma ya kwanza. Kama pesa hazitoshi vyote, basi hazijatosha. Wala msituambie tununue msumeno sasa na kofia baadaye. Hiyo "baadaye" tunaijua.

Nne, wachaguliwe wawili watakaofundishwa na mtu mwenye ujuzi na cheti. Twende kwa afisa wa misitu tuulize mafunzo na vibali. Nchi yetu ina chuo cha misitu huko Londiani tangu mwaka 1957, kwa hiyo si kweli kwamba elimu hii haipo. Tena kumbukeni, kikundi kikimwajiri kijana, mbele ya sheria kikundi ndicho mwajiri. Kuna sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia kwa anayeumia kazini. Mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza, na kumkatia bima. Mweka hazina, uliandike hilo.

Vijana wetu, tunajua mnahitaji pesa jana, si kesho. Hatukuja kuwavunja moyo. Kazi ya kukata miti ni kazi halali, na mtu anayeijua vizuri hatakosa chakula hapa Thika na Ruiru, kwa sababu kila mwenye nyumba anataka fundi ambaye hatamwangushia mti juu ya paa. Lakini jina hilo la fundi hupatikana kwa kujifunza na kwa kurudi nyumbani mzima kila jioni. Anzeni na gogo lililolala. Likiwatii, tutakuja hapa tena kuzungumza juu ya ule mti uliosimama, na kamati haitasema "bado".



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, nani hukata miti kwa malipo? Alifundishwa na nani?
2. Ni mzee gani au mama gani karibu nanyi anayejua kunoa shoka na msumeno? Mmewahi kumwomba awafundishe?
3. Andikeni bei ya msumeno wa petroli pamoja na vifaa vyote vya kujikinga. Chama chenu kitahitaji miezi mingapi kuzifikisha pesa hizo?
4. Mmoja wenu akiumia kazini kesho, nani atalipa hospitali, na nani atalisha nyumba yake?
5. Kwa kila mti utakaokatwa, nani atapanda mwingine, na nani ataumwagilia maji?